Jiji Ambalo Mama Yako Hakuliona

Mwanangu Rehema,

Habari za sweta, za pasipoti isikae kwenye begi kubwa, za kula hata kama chakula hukijui, zote nimeshakuambia mpaka ukawa unanijibu "sawa mama" kabla sijafika nusu. Hapa hazimo. Hapa nataka kukueleza kwa nini leo mchana nilikupigia kelele mbele ya wageni.

Nakuambia mapema kwamba bado nina hasira. Baba yako kanishauri ningoje ipoe ndipo niandike. Nikingoja ipoe, wewe utakuwa umeshamaliza shahada yako na kurudi. Basi acha niandike nayo hivihivi, utajua mwenyewe cha kuchukua na cha kuacha.

Kisomo cha kukuaga kilikuwa kimekwisha, watu wanakunywa soda pale uani, nawe umekaa mkekani na simu yako. Ukasema, "Mama, chuo kimetuma ujumbe. Kabla ya masomo kuanza watatupeleka wanafunzi wageni kuiona Istanbul. Na Elif, yule rafiki yangu wa huko ninayeongea naye kwenye simu, anasema nikifika mjini nikalale kwao." Kisha ukashusha sauti. "Nina hamu ya kwenda, mama, ila naogopa. Dada waliotutangulia huko chuoni wanasema kule mjini watu wanakukodolea macho, wengine wanakushika nywele bila kuuliza, na kuna nyumba za wageni wakikuona tu wanasema vyumba vimejaa. Sijui niende, sijui nibaki tu chuoni."

Baba yako mkubwa akacheka mpaka soda ikampalia. "Jamani! Mtu anapanda ndege mpaka Uturuki, halafu anaogopa kutembea mjini! Si bora ubaki hapa Mkonze uuze nyanya?" Watu wakacheka naye. Wewe hukucheka. Ulinitazama mimi.

Nami nikasema, tena kwa sauti ambayo majirani wameisikia, "Hutakwenda! Umenielewa? Utabaki chuoni usome. Na huyo Elif wako wa kwenye simu, siku ukimhitaji hutamwona hata kwa tochi!"

Ulikusanya vikombe ukaingia ndani, ukafungua bomba, na maji yakatiririka muda mrefu kuliko vikombe vile vilivyohitaji.

Rehema, hukuwa umeomba ruhusa. Wewe ni mtu mzima na safari ni yako. Ulikuwa umenionyesha moyo wako ulivyogawanyika, unataka mtu wa kukaa nawe hapo katikati, nami nikaukanyaga. Baba yako mkubwa nitamalizana naye, hiyo ni kesi nyingine. Lakini wewe unastahili kujua ile kelele ilitoka wapi. Haikutoka Istanbul. Istanbul siijui. Ilitoka Mumbai.

Najua utashangaa, maana Mumbai unaijua tangu mdogo kwa mdomo wa mama yako mdogo Esta. Kila akija kutoka Kongwa na karanga zake, anavua viatu, anakunja miguu kwenye kochi na kuanza: "Sisi tulipokuwa Mumbai..." Anakusimulia barabara ya kando ya bahari, mabasi ya ghorofa, njiwa waliojaa uwanjani mpaka huoni pa kukanyaga. Sisi tulipotea, anasema. Sisi tulicheka mpaka tukakaa chini. Umekua ukiamini kwamba "sisi" ni yeye na mimi. Esta hajawahi kukudanganya. Hajakuambia tu kwamba yule mwenzake si mimi. Mimi nilikwenda Mumbai, nikakaa Mumbai, nikarudi, na sikuiona.

Nilipokuwa msichana kule kijijini kwetu Chemba, kulikuwa na jamaa aliyekuja kila baada ya mavuno na jenereta, televisheni na deki ya kuonyesha filamu za Kihindi. Alifunga shuka kuzunguka ua wa mtu, kiingilio yai moja. Bibi yako alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kutoka. Kihindi hakukijua, Kiswahili chenyewe alikisema kwa kukivunjavunja, lakini zile nyimbo alizishika zote, akaziimba shambani akizitia kidoko cha lugha yetu, kile cha kugonga ulimi, katikati mpaka sisi watoto tukaanguka kwa kicheko. Karibu kila mkanda ulikuwa na mji uleule: taa, mvua, bahari, na msichana analia barabarani sari imemgandama. Tukirudi nyumbani alikuwa akiniuliza, "Hivi mji ule upo kweli, au wameuchora?"

Nilipopata nafasi ya kwenda India kusomea tiba ya mifugo, bibi yako hakuuliza nitasoma nini wala kwa muda gani. Alisema, "Basi utanitazamia."

Chuo chenyewe kumbe kilikuwa katika mji mdogo wa ndani kabisa, mashamba ya miwa pande zote, na vumbi ambalo hata mimi wa Chemba lilinishinda. Waafrika tulikuwa wawili tu, mimi na huyu Esta, na undugu wetu ulianzia huko. Walituweka bweni moja, chumba kimoja, pamoja na msichana wa huko aliyeitwa Kavita. Alikuwa binti wa mwalimu wa shule, kajitu kadogo, kicheko kikubwa. Huyo ndiye nataka umjue.

Kavita alitupenda. Siandiki hivyo kwa kumpamba. Esta alipougua homa wiki ya mitihani, Kavita alilala sakafuni ubavuni mwake, akimlowesha kitambaa. Mimi nilimfundisha kusuka, yeye akanifundisha kuvaa sari bila pini. Siku moja alitusikia tukiongea na mzee mmoja wa ubalozi kwa simu, akauliza "shikamoo" ni nini. Tukamweleza. Kuanzia hapo kila asubuhi akiamka aliketi kitandani, nywele zimemtimka, akasema, "Shikamoo, Zaina!" Mimi namwambia, hatusalimiani hivyo, tu rika moja. Yeye anasema, "Lakini wewe unakoroma kama bibi." Basi namwitikia marahaba na siku inaanza.

Mwaka wa tatu wakatangaza ziara ya masomo, kwenda Mumbai kuona kiwanda cha maziwa na hospitali kubwa ya wanyama. Sikulala vizuri wiki nzima. Hamu ilikuwa hamu ya bibi yako na yangu pamoja, lakini na woga ulikuwepo, Rehema, usifikiri umeuanza wewe. Katika mji ule mdogo watu walikuwa wameshatuzoea, muuza mboga anatuita kwa majina. Nilijiuliza huko kwenye watu wengi hivyo nani atanijua? Sikumwambia mtu. Nilishona nguo mpya ya kijani nikainyamazisha hofu kwa hiyo nguo.

Tulifika jioni, mvua imetoka kunyesha. Treni ilipokuwa inaingia niliziona zile taa dirishani, zimetandaa mpaka mwisho wa macho, na nilitokwa na machozi, nikisema moyoni, upo mama, hawajauchora. Hayo ndiyo yote niliyoyaona ya jiji lile. Dirishani.

Gesti ilikuwa mtaa wa nyuma, ngazi nyembamba, meza ya mapokezi pale mlangoni. Tulikuwa kundi zima na profesa wetu. Kavita alikuwa amebeba begi langu kwa sababu mimi nilikuwa nimebeba sanduku lake lililokatika mpini. Mwenye gesti alianza kuhesabu watu, akafika kwetu, mimi na Esta, akasimamisha kidole. Alisema neno kwa profesa. Profesa akasema neno. Yule bwana akatikisa kichwa, akasema kwa sauti sasa, kwa Kiingereza ili tusikose kuelewa, "Hawa wawili hapana. Nina wateja wengine."

Profesa alibishana naye. Nimpe haki yake, alibishana kidogo. Kisha akatujia akitutazama viatu. "Mtanielewa," alisema. "Wenzenu wamechoka, mvua itarudi, na kutafuta pengine sasa hivi ni vigumu. Stesheni kuna chumba cha kupumzikia abiria wanawake, ni salama kabisa. Kesho tutaangalia."

Mtanielewa! Mpaka leo mtu akianza maneno kwa "mtanielewa" namkata hapohapo, waulize wenzangu ofisini.

Wenzetu wakaanza kupanda ngazi, mmoja mmoja, kila mmoja kaona jambo la maana sana la kutazama ukutani. Nikamgeukia Kavita. Nilikuwa na uhakika naye, Rehema. Nilikuwa na uhakika kama mtu alivyo na uhakika na mkono wake mwenyewe. Akachukua sanduku lake kutoka mkononi mwangu. Kisha akainama akaliweka begi langu miguuni pangu, taratibu, taratibu sana, kama mtu anayetua kapu la mayai. Akapanda ngazi.

Huo upole ndio ulioniua. Angelitupa ningemsamehe.

Esta aliniambia, "Zaina, okota begi twende." Nikaokota. Stesheni mhudumu wa kile chumba alitazama tiketi zetu za kurudi, akatutazama sisi, akatuonyesha benchi. Esta alilia kidogo, akajifuta, akalala. Mimi nilikaa nikatukana. Nilitukana kwa lugha ya bibi yako, ile ambayo shuleni Kondoa walikuwa wananiigiza wakigonga ndimi na kucheka mpaka nikaiacha. Siku ile ilirudi yote. Sikukosa neno hata moja.

Asubuhi Kavita akaja. Alikuwa na chupa ya chai, vikombe, na maandazi yao yale ya kuvimba, kayafunga kwenye gazeti. Macho yalikuwa mekundu. Alimimina chai akampa Esta, akamimina nyingine akaninyooshea.

"Zaina, ningefanya nini?" alisema. "Niambie. Ningefanya nini?"

"Ungekaa nje na sisi."

"Baba yangu angesikia nimelala stesheni..."

"Mimi nimelala stesheni," nilimwambia. "Na mimi nina baba."

Nikakichukua kile kikombe na kuimwaga chai yote sakafuni, mbele ya miguu yake. Akina mama waliokuwa wakisubiri treni zao walivuta mizigo yao pembeni. Kavita alisimama pale, chai inamwingia kwenye ndala, analia bila sauti.

Esta yeye alikuwa anakunywa yake. Nikamgeukia. "Huna haya wewe? Unakunywa?"

"Chai haina kosa," Esta akasema.

"Huna haya!"

Akakiweka kikombe chini, akanijibu kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake kabla wala baada. "Haya ninayo na hasira ninayo, pengine kukushinda. Lakini sikutoka Kongwa nikapanda ndege kuja kuangalia ukuta wa stesheni. Leo kuna kiwanda cha kutembelea. Naenda, na huyo profesa atanisikia huko huko mbele ya watu wote. Unakuja?"

"Siendi popote na hao."

"Basi kaa."

Nikakaa. Mwanangu, nilikaa siku zote za ziara ile. Nje ya mlango wa stesheni jiji lilikuwa likivuma, nilisikia honi na wauza matunda, harufu ya bahari ilinifikia upepo ukigeuka, nami nimeketi na nguo yangu ya kijani nikiwaadhibu. Nilijiona kwamba nawaadhibu! Watu ambao hata hawakunikumbuka walipokuwa wanaoga na kula. Profesa, mwenye gesti, wale wa ngazini, nani kati yao alipungukiwa na kitu kwa mimi kutokuona barabara ya bahari?

Jioni ya siku ile ya kwanza Esta akarudi mbio, viatu vimejaa mchanga. Akanieleza. Kule kiwandani, mbele ya wenyeji na wanafunzi wote, alimwuliza profesa kama anajua wanafunzi wake wawili wamelala wapi. Profesa akaanza kubabaika. Ndipo Kavita akajitokeza, kajitu kale, akasema kwamba yeye halali tena gesti ile, na kama hapatapatikana mahali pa kuwapokea wote, atakuja stesheni na sanduku lake. Msichana mwingine akamuunga mkono, kisha wengine. Wakahamishwa wote. Kulikuwa na hosteli ya watawa waliokuwa na nafasi.

"Kitanda chako kipo karibu na dirisha," Esta alisema. "Kavita amekitandika. Njoo."

"Amechelewa," nikasema.

"Zaina."

"Amechelewa! Jana ndiyo ilikuwa siku yake."

Esta aliniomba mpaka akachoka, akaenda kulizunguka jiji na Kavita; hao ndio "sisi" wa hadithi zake. Na nikuambie kitu ambacho hakitakupendeza: mpaka leo nasema alichelewa. Sitageuza ukweli ili barua hii iwe tamu. Anayekuacha nje jana, akikufungulia leo, ule usiku wa jana unabaki kuwa usiku wako peke yako. Watu watakuja na maneno yao hapo. Watakuambia vumilia. Watakuambia ukienda kwa wenye chongo fumba lako jicho. Mimi methali ile naichukia. Nilifumba jicho maisha yangu yote ya shule, na sijaona hata mmoja mwenye chongo aliyenishukuru.

Lakini sikiliza upande wa pili, maana bila huo nitakuwa nakudanganya. Tulirudi chuoni, chumba kilekile, vitanda vilevile. Kesho yake asubuhi Kavita aliketi kitandani akasema, "Shikamoo, Zaina." Sikuitikia. Kesho yake tena, "Shikamoo." Sikuitikia. Unajua kwetu maana ya kuiacha shikamoo hewani. Yeye pia alijua, tulimfundisha wenyewe. Aliendelea kuitoa karibu mwaka mzima, sauti inazidi kupungua, mpaka asubuhi moja hakuisema, akaamka akafunga nywele zake akatoka. Esta akanitazama. "Umeridhika?" akaniuliza. Nilikuwa nimeridhika, Rehema. Niliridhika mpaka saa sita mchana. Baada ya hapo sikuwahi kuridhika tena.

Nilirudi nyumbani. Bibi yako alinipokea kwa vigelegele, akanikalisha, hata maji sijanywa. "Haya. Mji ule. Ukoje?"

Sikuweza kumdanganya. Nikamwambia nilifika lakini sikuuona. Akadhani namtania. Alipogundua simtanii hakunigombeza. Aliuliza tu, "Na yule mwenzako wa Kongwa, yeye aliuona?" Nikasema ndiyo. "Basi mlete anisimulie."

Esta alikuja Chemba. Walikaa barazani tangu asubuhi, bibi yako kanyoosha miguu, Esta anasimulia na mikono. Mimi nilikuwa jikoni nasonga ugali wa uwele na kuchemsha mlenda, nasikiliza. Nasikia mama yangu mzazi akiuliza, "Na bahari yenyewe inapiga kelele kweli?" Nasikia mtu mwingine anamjibu. Nasikia anacheka kile kicheko chake cha kwenye video, kile ambacho nilivuka bahari ili nikakitafutie chakula, na anayekilisha si mimi. Niliukandamiza ule ugali mpaka mwiko ukavunjika.

Kisha kicheko kikakoma. Nikajua Esta amefika kwenye gesti. Hakunificha wala hakunipamba, alisema kama ilivyokuwa. Muda kidogo bibi yako akasimama mlangoni mwa jiko. Aliongea nami kwa lugha yetu, si Kiswahili.

"Na wewe ulikaa pale siku zote?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa na hasira, mama."

Alitazama vipande vya mwiko. "Hasira yenyewe ilikuwa ya haki," alisema. "Ungeenda nayo." Akarudi barazani. Nikamsikia, "Enhe, mkahama. Halafu?"

Unadhani nilielewa? Nilichukia. Niliona kaungana na wao. Nimekuja kuelewa polepole, na kwa shida, na leo mchana umeona jinsi nilivyoelewa vizuri! Bibi yako hakusema nisiwe na hasira. Hakusema nimsamehe mtu. Esta naye hakumsamehe yule mwenye gesti, mpaka leo ukimtajia anatema mate. Tofauti yetu ni kwamba yeye hasira yake aliipeleka kiwandani ikazungumza, ikahamisha watu, jioni ikatembea kando ya bahari na viatu mkononi. Yangu niliifungia chumbani pamoja na mimi, na kati yetu wawili mimi ndiye niliyekondeana.

Kwa hiyo, Istanbul.

Hayo unayoyaogopa yapo. Siwezi kukuambia hayapo ili kesho upande treni ya kukupeleka kwenye ndege ukitabasamu. Huenda wakakukodolea macho, huenda mtu akaunyoosha mkono kwenye nywele zako kama anapapasa mbuzi mnadani. Mwambie aondoe mkono. Mwambie kwa Kituruki, kwa Kiingereza, kwa Kiswahili, kwa lugha ya bibi yako kama nyingine zimekukimbia. Usitafute neno la kistaarabu kwanza. Na mwenye nyumba akikuambia vyumba vimejaa nawe unaona funguo zimening'inia nyuma yake, usikubali mtu yeyote akuambie utaelewa. Usielewe. Sema palepale, mbele ya watu, hata kama sauti inatetemeka, ya Esta nayo ilitetemeka.

Kisha toka nje ukatembee. Hicho ndicho nilichoshindwa mimi na ndicho ninachokuomba. Kama hamu na woga vinakujia pamoja, vichukue vyote viwili, usingoje kimoja kiondoke ndipo uende, maana hakiondoki. Mimi sasa ni mtu mzima, natibu ng'ombe wa watu, na bado kila nikiitwa kwenye boma geni moyo unanidunda.

Kuhusu Elif, nitasema kweli. Nimemchukia tangu uliponitajia jina lake, na hajanikosea lolote. Nikiona picha yake kwenye simu yako, kilemba chake cha maua na meno yake ya mbele, namwona mtu anayepanda ngazi. Hilo ni tatizo langu, usilichukue uende nalo. Kalale kwao. Lakini huenda siku moja akashindwa kukusimamia, kwa kuwa ni kijana, na ana baba, na ana watu wa kwao anaowaogopa. Ikitokea, kasirika. Mwambie usoni alichofanya. Halafu kesho yake mwache aseme anachotaka kusema, umsikilize mpaka mwisho, ndipo uamue. Mimi niliamua kabla. Sikuambii uamue vipi. Pengine utaamua kumwacha, na pengine utakuwa sahihi.

Baba yako ananiuliza kwa nini nisimtafute Kavita, siku hizi kwenye simu kila mtu anapatikana. Nimemwambia aniache. Ninaogopa kumpata akiwa amenisahau, na ninaogopa zaidi kumpata akiwa hajasahau. Hilo nalo unaweza kulijua, umeshakua.

Kuhusu leo mchana: neno lile "hutakwenda" nimelifuta, na kesho nitalifuta mbele ya walewale waliolisikia, baba yako mkubwa akiwemo. Nimeshamwambia afike stesheni mapema na afunge mdomo. Kasema, "Shemeji, mimi nilikuwa natania tu." Nikamjibu kwamba mtoto alikuwa hatanii.

Asubuhi nitakuwa nimenuna. Ndivyo uso wangu ulivyo watu wangu wakiondoka, usinibembeleze. Ukifika mbele ya behewa lako, nipe mkono, panda, tafuta kiti chako. Sitakupungia mpaka treni itembee, kwa sababu nikianza mapema nitakushusha.

Siku ya Istanbul ikifika, vaa viatu vya kutembea ukalione jiji. Likupendeze au likuudhi, ukifika kitandani nipigie simu. Usiangalie huku ni saa ngapi. Niamshe.

Mama yako anayekupenda na ambaye hajapoa,
Zaina